Uwanja Ulioingia Jikoni

Hebu nikutegee. Nina shamba langu, majani yake hukatwa kila wiki, sijawahi kuvuna hata punje, na watu hutoa pesa waje kulitazama tu. Ni nini hiyo? Fikiri vizuri, maana ukishindwa itabidi unipe mji, na mimi mji nikipewa huwa nauchukua kweli. Umeshindwa? Haya, nimeuchukua. Shamba hilo ni uwanja wa mpira, na mji ulionipa una kisa chake. Sogea karibu.

Saa kumi alasiri, Mama Mipira alikuwa barazani kwake juu ya kigoda, amebana mpira kwa magoti, anashona. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: mipira ya besiboli, ngozi nyeupe, uzi mwekundu, sindano mbili zinazopishana kama watu wanaosalimiana mlangoni. Nyumba ilikuwa moja yenye milango miwili na ukuta katikati. Mlango wa pili ulikuwa wa mwamuzi mstaafu, aliyeitwa na mtaa mzima Mzee Subiri. Jina hilo alilipata uwanjani. Mpigaji alipoupaisha mpira na watu wote wakapiga makelele kuwa umetoka, umeingia, yeye alinyoosha kiganja na kusema, "Subiri," mpaka mpira uguse chini. Ukishagusa, anatamka. Akishatamka, kwisha maneno.

Kila alasiri Mzee Subiri alitoka na kopo lake la tope laini la mtoni. Mpira mpya una utelezi. Mrushaji akiushika unamponyoka. Kwa hiyo waamuzi huupaka tope kidogo na kuusugua mpaka ule mng'ao utoke. Yeye alikuwa amestaafu, lakini mikono ilikuwa haijaambiwa. Mama Mipira alishona, Mzee Subiri alisugua, na jua likashuka. Yeye mjane, yule mgane. Watoto wa kila mmoja walikuwa mbali, wana maisha yao.

"Huu umeukaza mno," Mzee Subiri alikuwa akisema.

"Na wewe unausugua kama unaogesha mtoto. Upe heshima yake, ni mpira huo."

Basi, ndivyo walivyozoeana.

Uwanja wa zamani wa mji ule ulikuwa na paa lililooza kwa kutu, na baraza la manispaa likaanza mjadala wa kujenga mpya: ujengwe wapi, na nani atoe pesa. Kikao cha kwanza kilisema ujengwe nyuma ya stendi ya mabasi. Asubuhi yake nyasi za uwanja wa zamani hazikuwepo. Zilikuwa zimeacha majukwaa, ubao wa matokeo na vyoo, zikahamia nyuma ya stendi pamoja na mistari yake myeupe na vituo vyake vyote vya kukimbilia. Madereva waliegesha mabasi kufuata mstari, na wakasema hata wanapata nafasi zaidi kuliko mwanzo. Karani wa manispaa alipeleka mashine ya kukata majani huko stendi, kwa kuwa kukata majani ya uwanja kulikuwa chini ya ofisi yake.

Wenye mabasi walikwenda kumwona Mwenyekiti wa baraza ofisini kwake. Kikao cha pili kikasema hapana, ujengwe sokoni. Nyasi zikahamia sokoni. Wauza mboga walizipenda, maana mchicha ukiwekwa juu yake haukunyauka mpaka jioni, lakini nao walikwenda kumwona Mwenyekiti. Kikao cha tatu kikasema ujengwe Mtaa wa Nyuma, alikokuwa akikaa Mama Mipira. Watu wa Mtaa wa Nyuma hawakuwa na mtu wa kumtuma kwa Mwenyekiti. Walikuwa na kinyozi tu, na yeye Mwenyekiti alinyolewa kwingine.

Uwanja uliingia asubuhi, wakati Mama Mipira anachemsha chai. Ulipita chini ya mlango taratibu, kama mgeni anayeogopa kuamsha watoto. Saruji ilijigawa kama nywele zinavyogawanywa kwa kitana, nyasi zikatoka katikati, mkeka ukasogezwa pembeni bila kukunjwa. Kile kibao cheupe anaposimama mpigaji kilikuja kutulia mbele ya jiko, sawasawa pale Mama Mipira anapoweka miguu yake akikoroga uji.

"Karibu," Mama Mipira alisema. "Ila usiniguse sufuria."

Haukugusa sufuria. Mstari mmoja ulitokea kwenye kibao, ukapita chini ya kitanda chake, ukavuka ukuta na kuingia kwa Mzee Subiri, akaukuta umepita kati ya viatu vyake viwili. Mstari mwingine ulivuka njia na kuingia kwa kinyozi, kati ya kiti na kioo. Kinyozi aliendelea na kazi.

"Shida yangu ni kufagia tu," alisema. "Nywele na nyasi vimechanganyika, sijui ninyoe sakafu au nifagie wateja."

Mstari ule wa kwa kinyozi uliendelea, ukapita kwa fundi cherehani, ukapita kwa muuza mkaa, umenyooka kama kamba iliyovutwa. Kisha ukafika kwenye ukuta mrefu wa Mkandarasi. Huyu ndiye aliyetarajiwa kuujenga uwanja mpya, na alikuwa shemeji yake Mwenyekiti. Hapo mstari ulipinda. Ulipinda polepole, kwa adabu, kama mtu anavyompisha mkubwa njiani, ukauzunguka ukuta wote na bustani yake, ukarudi ulikokuwa unakwenda, ukanyooka tena. Watu wote waliuona. Wengine walitoka na watoto wao kwenda kuutazama jioni, kisha wakarudi kula.

Sitakuficha, uwanja wenyewe ulikuwa na tabia nzuri. Mama Mipira alikuwa na magoti mabovu, na saruji ya jikoni ilikuwa ikimwuma mpaka kiunoni. Sasa alisimama juu ya nyasi akapika bila kushika ukuta. Asubuhi zilikuwa na umande, naye alivua kandambili akatembea peku kutoka kitandani hadi jikoni kama msichana. Alianza kusema na uwanja mambo madogo madogo: leo kuna upepo, leo maji hayajatoka. Alijua hauna kosa. Ulikwenda ulikoambiwa.

Lakini kwenye ukumbi wa baraza walikuwa wameeleza na habari ya kuhamisha watu. Ikafika alasiri moja Mama Mipira akaweka sindano chini.

"Mzee Subiri."

"Naam."

"Umesikia watakavyotugawa? Wenye familia watapewa viwanja ng'ambo ya mto. Anayeishi peke yake anapelekwa bweni. Wanawake bweni la upande wa kiwandani, wanaume la upande wa reli."

"Nimesikia."

"Kiwandani na reli ni mbali."

"Ni mbali sana, mama."

Alikata uzi kwa meno, akautazama mpira badala ya kumtazama yeye. "Sasa mimi na wewe tukiandikwa nyumba moja, utakataa?"

Mzee Subiri aliacha kusugua. Tope lilianza kumkaukia vidoleni. Kwenye kazi yake, mtu aliyetamka kabla mpira haujagusa chini hakuwa mwamuzi, alikuwa mshabiki. Alikuwa ameishi hivyo maisha yake yote, uwanjani na nje ya uwanja.

"Subiri," alisema. "Mpira bado uko hewani. Baraza halijapiga kura."

"Haya," alisema Mama Mipira. Akachukua sindano. "Ila mimi si mpira."

Siku ya kura ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwenyekiti alieleza kwamba mahali pameshapatikana, kilichobaki ni pesa. Mtu mmoja akasema walipe wenye kununua tiketi. Mwenyekiti akajibu kuwa tiketi huuzwa uwanja ukiwepo, na uwanja huwepo pesa zikipatikana. Mwingine akasema walipe matajiri. Ikaangaliwa, ikaonekana wengi wao wako safarini. Mkandarasi alikuwa kiti cha mbele, lakini yeye alikuja kama mjenzi.

Ndipo Mwenyekiti akaleta wazo lake. Anayefaidi ndiye alipe, na anayekaa karibu na uwanja ndiye anayefaidi. Basi iongezwe ada kwenye ankara za maji: wa mbali alipe kidogo, wa karibu alipe zaidi, na wale ambao uwanja umo ndani kwao walipe kuliko wote.

Mama Mipira alisimama. "Mwanangu, nielewe vizuri. Mimi mnanihamisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na kabla sijahama, nalipia uwanja?"

"Unalipia maendeleo, mama yangu. Una kiti kizuri kuliko watu wote wa mji huu. Uko pale pale anaposimama mpigaji."

"Nipo pale nasonga ugali."

Watu wakacheka, Mwenyekiti naye akacheka, maana alikuwa mtu wa watu. Akamwambia kwamba akishahamia mbali, ada yake itapungua sana.

Kinyozi akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mbona mstari unapinda kwa Mkandarasi?"

"Ni kweli unapinda," alisema Mwenyekiti. "Tumekwenda na kamati, tumeuona. Kuna lingine?"

Watu wakageuka kumtazama Mzee Subiri, kwa kuwa mistari ndiyo ilikuwa riziki yake. Alisimama na kofia mkononi. "Mstari wa besiboli ukipinda, hakuna mchezo," alisema. "Mpira utaanguka pale, na hakuna atakayejua umeingia au umetoka."

"Tunakushukuru, mzee wetu. Tutaweka taa."

Wajumbe wa baraza wakapiga kura. Mikono ilipanda, ikahesabiwa, ikashuka. Pakapitishwa mahali, ikapitishwa na ada ya maji. Chai ilikuwepo, na wengi walibaki kunywa.

Njiani kurudi, Mama Mipira alitembea mbele na Mzee Subiri nyuma yake. Walipofika kwenye ukuta wa Mkandarasi, mzee aliufuata mstari. Aliuzunguka ukuta wote kwa mwendo wake wa pole, mikono nyuma, akatokea upande wa pili na vumbi jeupe kwenye viatu. Mama Mipira alikuwa anamngoja.

"Kura imepigwa," alimwambia.

"Imepigwa. Lakini karani hajaja kuandika."

"Wewe mzee!" alisema Mama Mipira. "Watakuja kukuzika bado unanyoosha kiganja."

Alasiri ile hakushona barazani. Alishonea ndani, kwenye nyasi, amekaa juu ya kile kibao cha mpigaji na mgongo ameupa mlango. Upande wa pili wa ukuta alisikia mzee akitembea, akisimama, akitembea tena. Mipira miwili aliyoshona siku hiyo ilikuwa imekazwa vibaya mno, na hakukuwa na wa kumwambia. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Mzee Subiri alikaa barazani peke yake na kopo lake la tope, hana cha kupaka. Kinyozi alipita akawatazama wote wawili, mmoja nje mmoja ndani.

"Jamani," alisema, "hata mimi mmeninunia?"



Karani alikuja siku ya kuandika watu. Alikuwa kijana mpole mwenye suruali iliyopigwa pasi, na alivua viatu mlangoni kwa sababu alikuwa amezoea kuheshimu nyasi zile. Kwa fundi cherehani alikuwa ameandika familia, kwa kinyozi familia. Akaingia jikoni, akakaribishwa kigoda, akaomba radhi kwamba amekuja pia na ankara ya maji. Mama Mipira aliipokea akaiweka chini ya sufuria. Nje, magari ya Mkandarasi yalikuwa tayari yanashusha mabati ya kuzungushia eneo. Yaliwekwa kufuata mstari, na mstari ulipopinda, mabati nayo yakapinda.

"Mama, nyumba hii nikuandike vipi?" aliuliza karani. "Unaishi peke yako?"

 Mama Mipira alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga. Nyasi za jikoni zilitulia, kama zinavyotulia uwanjani watu wote wanapotazama juu.

"Mama?" alisema karani. "Nikiandika peke yako, ni bweni la kiwandani."

Mzee Subiri alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemsikia akifika. Alikuwa peku, na mikono yake ilikuwa na tope mpaka kwenye viwiko, kama mtu aliyesugua kitu ambacho hakipo. Aliingia, akapita nyuma ya Mama Mipira, akachutama pale mwamuzi anapochutama, magoti yakalia. Akatazama chini, pale kwenye kibao, pale kwenye miguu ya Mama Mipira isiyo na kandambili.

"Shikamoo, mzee," alisema karani. "Wewe si wa mlango wa pili?"

 Mzee Subiri alishika ukingo wa meza akasimama, akajifuta mikono kwenye shati lake safi, na akamgeukia Mama Mipira.

"Sikatai," alisema. "Hata siku ile sikuwa nakataa, nilikuwa nautazama mpira tu. Mwambie atuandike nyumba moja. Ila ujue mapema, mimi nakoroma."