Jubba la Dhiraa Tatu

Hamida Mukunde alikuwa ameshona nguo Nyakabanda, mtaa wa Kigali, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kumrudishia nguo kwa sababu ya mkono mfupi. Jambo hilo alilisema mwenyewe, bila haya, kila alipopata mteja mpya.

Kitu kingine alichojivunia ni bintiye Keza, aliyekuwa akisomea shahada ya pili ya historia chuo kikuu. Keza aliandika tasnifu juu ya wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu wa karne ya kumi na tatu. Wateja walipouliza mambo hayo yana faida gani, Hamida aliwajibu kwamba yeye hajui, lakini mtoto anajua, na hilo linatosha.

Mwaka huo Keza alikwama. Msimamizi wake, Daktari Eustache, alimrudishia sura mbili akisema, "Umeeleza vizuri yale waliyoandika wasomi wengine. Wafanyabiashara wenyewe wako wapi? Nitafutie mtu aliyeishi zama hizo, aseme kwa mdomo wake."

Karatasi za watu hao zilikuwa Misri na Ulaya, na Keza hakuwa na njia ya kuzifuata huko. Akaanza kutafuta mtandaoni. Wiki ya kwanza aliambulia hadithi tamu zisizo na mwenyewe. Kila mwandishi alimnukuu mwenzake na hakuna aliyesema ameiona karatasi kwa macho. Akajifunza kuzipita. Akawa anatafuta picha ya karatasi yenyewe, jina la maktaba inayoitunza na namba yake rafuni, na palipokosekana kimojawapo aliendelea mbele. Mwishowe akaifikia maktaba moja ya Ulaya iliyopiga picha maelfu ya barua za kale na kuziweka wazi, kila mtu azione bure.

Alasiri moja ya mvua aliingia dukani kwa mama yake na kompyuta aliyoificha chini ya koti.

"Mama, acha mashine kidogo. Nisomee hapa."

Hamida akavaa miwani. Kwenye kioo kulikuwa na karatasi ya rangi ya chai, imeliwa na wadudu pembeni, na mistari tisa ya maandishi ya Kiarabu yaliyoandikwa mbiombio.

"Nukta ziko wapi?"

"Hazipo. Wengi zamani walikuwa hawaweki. Ndiyo maana mimi imenishinda."

Hamida aliisogelea picha. Utotoni, katika chuo cha Kurani kwa shehe, alikuwa amesoma Kiarabu miaka sita, akajua maana na sarufi kuliko wavulana. Lakini kusoma bila nukta hakufundishwa na shehe. Baba yake alikuwa karani wa mfanyabiashara mwenye asili ya Ujiji, na barua alizotuma nyumbani akiwa safarini aliziandika haraka kwa herufi za Kiarabu bila kuweka nukta hata moja. Mama yake hakujua kusoma. Kwa hiyo Hamida, akiwa na miaka kumi, ndiye aliyekaa na barua hizo mkekani, akijaribu neno hili na lile mpaka maana ikubali.

"Wenye maktaba wanasemaje?" akauliza.

Keza akasoma maelezo yaliyowekwa chini ya picha, akiyatafsiri: "Mfanyabiashara anamwandikia ndugu yake kuhusu nafaka. Anauliza ni kiasi gani. Sehemu inayofuata haieleweki."

Hamida akainama tena. Akapitisha kidole juu ya mstari wa nne, akarudi, akapitisha tena. Nje mvua ilikatika na pikipiki zikaanza kupita. Kisha akavua miwani.

"Nafaka haipimwi kwa dhiraa," akasema.

"Nini?"

"Hapa pameandikwa dhiraa tatu. Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Nani anapima mtama kwa mkono wake? Tazama neno hili. Ukiweka nukta hapo ndani, ni jubba. Usipoweka, ni habba, punje. Yeye hakuweka, na wao wakasoma punje."

"Na hili la 'kiasi gani'?"

"Ni herufi mbili tu. Ukisema *kam*, unauliza ngapi. Ukisema *kumm*, ni mkono wa nguo. Sasa sikiliza: jubba, urefu dhiraa tatu. Mkono, dhiraa moja na shibiri. Shingo, shibiri. Halafu hapa naona rangi ya njano." Akamtazama bintiye. "Keza, huyu mtu anatuma vipimo, ndugu yake ampelekee fundi."

Keza aliketi juu ya furushi la vitambaa, akaanza kuandika kila kipimo.

Daktari Eustache hakushawishika haraka. Aliyasikiliza maelezo, akakuna kidevu, akasema kuwa wanaotunza barua hizo wana wataalamu, na kwamba fundi huona nguo kila mahali. Keza alirudi nyumbani na maneno hayo, akayasema yote kwa mama yake bila kupunguza.

Hamida hakukasirika. Aliuliza tu, "Huyo daktari ni mrefu?"

"Mrefu sana."

Kesho yake alichukua kitambaa cha njano, akapima kwa kiwiko na kwa shibiri, akakata. Hakutumia futi hata mara moja. Palipokuwa na kipimo kwenye barua alikifuata. Pasipokuwa nacho alitumia akili ya kazi. Siku ya tatu alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona, akaongozana na bintiye hadi chuoni.

"Mama Keza, karibu," alisema Eustache, akisimama.

"Asante, Mwalimu. Ukiweza, vua koti uvae hii."

Alisita, akacheka kidogo, akavaa. Jubba lilimshukia hadi kwenye kifundo cha mguu. Mikono iliishia pale pale kiganja kinapoanza. Eustache alinyoosha mikono mbele, akaizungusha, akajitazama kwenye kioo cha dirisha.

"Punje za nafaka hazivaliki," akasema hatimaye. "Keza, waandikie leo. Nipige picha nikiwa nimelivaa, uiambatanishe."

Jibu lilichukua wiki tano. Mtaalamu wa maktaba aliandika kwamba wameirudia barua na kukubaliana na usomaji wa jubba, mkono na shingo. Neno moja tu hawakukubaliana nalo: lile la njano. Wao walilisoma "mdogo", maana yake jubba lilikuwa la ndugu mdogo. Mwisho akauliza msomaji huyu aandikwe vipi kwenye kumbukumbu zao.

Keza alipolisoma jibu hilo dukani, Hamida alifikiri juu ya neno lile, akaifungua picha, akalitazama kwa makini.

"Wako sahihi," akasema. "Hii ni *asghar*, mdogo; mimi niliisoma *asfar*, njano. Na daktari wa watu nimemvalisha njano bure." Akacheka hadi mteja aliyekuwa akijaribu sketi nyuma ya pazia akachungulia.

"Nitawaambia uandikwe mtafiti, Mama," alisema Keza. "Umestahili."

"Utafiti ni wako. Wewe ndiye uliyeipata barua. Mimi uniandike fundi cherehani."

"Watashangaa."

"Washangae. Kama ningekuwa kitu kingine, nisingeisoma."

Maelezo mapya yalitoka siku ya Alhamisi. Keza alimletea mama yake simu katikati ya duka, wateja wawili wakisubiri, akamwonyesha mstari wa mwisho chini ya picha: *Imesomwa na Hamida Mukunde, fundi cherehani, Kigali.*

Hamida aliusoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Mmoja wa wateja, mwanamke aliyeitwa Kankindi, akauliza hiyo ni barua ya nani.

"Ya mtu aliyetaka mdogo wake avae vizuri," alijibu Hamida. "Ina miaka zaidi ya mia saba."

Akamrudishia Keza simu. Akachukua futi, akaenda kumpima Kankindi mabega, mgongo wake mwenyewe umenyooka kama wa bibi harusi.