Mstari Mweupe wa Shakwe wa Grunsay

Mimi Girzie nimewavisha shakwe wa kisiwa hiki pete za utambuzi miguuni kwa miaka thelathini na moja, na jambo moja naweza kuliapia mbele ya mchungaji: makinda ya shakwe hayafanani. Huyu ana kahawia ya chai iliyokolea, yule amepauka, mwingine ana madoa mgongo mzima. Ukiniletea wawili sawasawa nitakuuliza umelewa wapi.

Ndiyo maana najilaumu. Mwishoni mwa Julai makinda yalipotoka viotani, kila moja lilikuwa na mstari mweupe umekata mkia na mabawa, mwembamba, kama uliopigwa kwa rula. Badala ya kuogopa, nilifurahi! Nikaandika kwenye gazeti la kisiwa kwamba Grunsay imepata shakwe wa aina yake. Watu wakaja kwa feri na darubini zao, wakapiga picha, wakamaliza keki zote za kanisani. Kichwa kikanivimba.

Maneno hayo, "aina yake", alinipa Lowrie. Tumeshika ndege pamoja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Kazi yake ya mshahara ni kutunza bwawa la juu kilimani, linaloleta maji ya bomba kwa kisiwa kizima. Shakwe nao huoga humo na kunywa humo, kila alasiri, mamia kwa mamia, kisha huwatapikia makinda chakula viotani.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti tulitega wavu nyuma ya banda la samaki, chambo vichwa vya chewa. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kwa nguvu. Kinda moja likaruka kutoka kwenye paa, likapiga mabawa mara mbili, likaanguka kwenye saruji mbele yangu. Nililiokota. Manyoya marefu ya bawa la kushoto yalikuwa yamekatika, yote mahali pamoja, pale penye mstari.

"Limegonga waya," alisema Lowrie.

"Waya uko wapi hapa, Lowrie? Nionyeshe."

Aligeukia wavu. Nikasimama na yule ndege mkononi, moyo wake ukidunda kwenye kidole changu, na aibu ikanishika. Mstari ule nilikuwa nimeuona zamani, kwa ndege mmoja mmoja aliyeugua au kushinda njaa akiwa kiotani. Unyoya unaoota siku ya ugonjwa huota mbovu, ukabaki na alama. Sikuwahi kuuona kwa ndege wote. Haikuwa rangi wala aina. Makinda yote ya kisiwa yalikuwa yameugua.

Tukanasa mengine sita. Matatu kati yao yalikuwa na pete zangu za tarehe ishirini na tisa Juni, na siku ile nilikuwa nimepima unyoya mrefu wa kila moja. Nikafungua daftari. La kwanza, siku ya pete, unyoya ulikuwa milimita arobaini. Mstari sasa uko hamsini na nane kutoka nchani. La pili lilikuwa na sabini. Mstari uko themanini na nane. La tatu, tofauti ile ile, kumi na nane. Unyoya wa shakwe huota kutoka shinani, milimita sita kwa siku.

"Siku tatu," nilisema. "Tarehe mbili Julai. Jumanne."

Lowrie, ambaye huwa hakosi la kunitania, aligeuka upande. Alikuwa akisugua koleo la pete kwenye suruali, na lilikuwa safi.

Nami nikaikumbuka siku hiyo. Merran, mjukuu wangu wa miaka sita ninayemlea, alitapika tangu jioni ya Jumanne ile hadi Alhamisi. Nusu ya shule ilitapika. Muuguzi akasema ni aiskrimu ya siku ya michezo, na sote tukamlaani muuza aiskrimu wa watu.

"Lowrie. Uliweka nini bwawani?"

"Usianze, Girzie."

"Nimeshaanza. Uliweka nini?"

"Mrututu, ile dawa ya buluu ya shaba," alisema. "Kila kiangazi naweka, unajua. Kuua mwani. Mwaka huu maji yalikuwa kijani kama supu ya njegere, mfuko mmoja haukufanya kitu. Nikaongeza miwili."

"Mitatu! Kwa maji ya watoto?"

"Mara moja tu, Girzie! Naapa kwa kaburi la mama. Yale maji yameshapita, yako baharini. Watoto si wamepona? Merran wako si anakimbia kama mwanambuzi? Nimebakiza miezi minne nistaafu." Akanishika mkono. "Andika mstari, andika vipimo. Tarehe usiandike. Angalau mpaka Jumatatu, niende mwenyewe nikawaambie wakubwa wangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekula naye mkate miaka thelathini na moja. Nilimhurumia. Nikalitia daftari mfukoni bila tarehe, nikamwambia sawa, Jumatatu.

Nyumbani nilimkuta Merran mezani akichora. Mikono yake ilikuwa na rangi hadi kwenye viwiko, nikamvuta kwenye beseni nimsugue. Kwenye kucha rangi haikutoka sawasawa. Ilikuwa imeingia katika mfereji mdogo uliokata kila kucha, kutoka ukingo hadi ukingo, vidole vyote kumi.

"Hii imeanza lini?"

"Hata Inga anayo, Bibi. Darasa zima tunayo. Tunashindanisha."

Kucha nayo huota mbovu siku ya ugonjwa, kama unyoya. Ni Julai hiyo, nikajiambia, ni ile ile, imekwisha. Nikamleta dirishani kwenye mwanga.

"Hiyo ni ya zamani," alisema, akinionyesha kama mwalimu. "Mpya ndiyo hii ya chini."

Chini kabisa ya kila kucha, ukichungulia kutoka kwenye ngozi, palikuwa na mfereji wa pili.

Mwanzoni mwa Agosti Merran alikataa chakula siku mbili, akatapika mara moja, nami nikasema ni meno yanaota. Wakati huo makinda ya shakwe yalikuwa yamemaliza kuota manyoya. Ugonjwa haukuwa na pa kujiandika tena. Lowrie aliapa kwa kaburi la mama yake kwamba ni mara moja tu, na mimi nikamwamini. Nikageukia meza.

Juu yake palikuwa na jagi la maji ya bomba, na ndani yake yalibaki kidogo tu.

"Umekunywa haya?"

"Vikombe vitatu," alisema Merran. "Leo nina kiu sana, Bibi, na tumbo linaniuma."