Mgombea wa Tessler Creek

"Chama chenu chote kinaenea kwenye teksi moja," alisema mzee Orville Prystupa, ameegemea mlango wa nyumba yake. "Na mbwa anabaki na nafasi yake."

Marlys Dueck alicheka, kuchekwa alishazoea. Alikuwa dereva wa basi la shule hapo Tessler Creek, Saskatchewan, na alikuwa akigombea ubunge wa jimbo kwa jambo moja tu: hospitali ya mji iliyofungwa ifunguliwe tena. Mumewe, Garth, alikata roho garini, yeye Marlys akiwa kwenye usukani, wakikimbilia hospitali ya mbali.

"Unagawa kura, mwanangu. Utawaangusha walewale wetu wa siku zote."

"Walewale ndio waliotufungia hospitali, mzee."

Ndani kikasikika kishindo, sahani zikivunjika. Walimkuta Elsie, mke wa mzee, sakafuni, midomo imepauka, kiganja kifuani.

Marlys akapiga simu. Ambulensi ilikuwa wilaya nyingine. Hakungoja. Walimbeba hadi kiti cha nyuma cha pikapu ya Marlys, juu ya mabango yake ya kampeni, wakaondoka theluji ya kwanza ikianza kupiga kioo.

Ile barabara aliijua. Alikijua na kilima ambapo Garth alinyamaza. Alikipita macho mbele, meno yameumana.

"Msemeshe, mzee! Usimwache alale!"

Orville akaanza kutaja ng'ombe wao wa zamani. "Duchess... Petunia... yule mweusi aliyevunjika pembe, Olga..."

"Olga tulimuuza," Elsie alinong'ona.

"Ndiyo, mpenzi. Tulimuuza. Nilikosea. Nani mwingine? Niambie, nani mwingine?"

Elsie akafumba macho. Marlys akakanyaga mafuta.

Hospitalini wauguzi walimpokea kwa kitanda cha magurudumu, milango ikajifunga nyuma yao. Wawili hao wakabaki kwenye viti vya plastiki, miguu ikitiririsha maji ya theluji.

"Nilishapiga kura," Orville alisema, macho chini. "Ile ya mapema, kabla ya siku ya uchaguzi. Sikukupa wewe."

"Najua, mzee."

"Niliwapa walewale. Maisha yangu yote nimewapa wao."

Marlys alitaka kusema kitu kikali. Alikuwa nacho mdomoni tangu mazishi ya Garth. Alimtazama mzee, slipa mguuni, amesahau hata koti, akakimeza.

Mlango ukafunguka. Daktari akatoka akivua glovu, akawatazama kwa zamu, kama anayetafuta wa kuambiwa. Orville hakusimama. Alishika mkono wa koti la Marlys, akaung'ang'ania.