Mkaguzi wa Herufi C

Bilauri ya Bhavini ilisafiri hadi Ulaya imeviringishwa gazeti, peke yake, ndani ya mkoba wa Ranjan. Ilikuwa ya stili kama bilauri zote za nyumba yao ya Rajkot, ila hii ilikuwa na doa la rangi nyekundu ya kucha, ili mwingine asiinywee. Doa hilo alilipaka Ranjan mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita, wiki ile alipogundua kwamba baba yake Bhavini, karani wa reli, alikuwa akinywa chai ya asubuhi na mayai ya kukaanga. Kwa wakwe yai ni najisi, na ukoo wao haukuwa umelionja tangu mababu. Bhavini aliapa mbele ya miungu ya nyumba kwamba halili tena, na kweli hakula. Doa halikufutwa. Ranjan alikuwa mke wa kaka mkubwa wa mumewe Bhavini, na jikoni neno lake ndilo lililokuwa la mwisho.

Unaweza kudhani mtu akienda kutalii huyaacha nyumbani mambo ya nyumbani. Thubutu! Amsterdam, kandokando ya mfereji, Ranjan alipanga bilauri juu ya benchi na kupaza sauti, "Yenye doa ni ya Bhavini, jamani, msichanganye!" Abiria thelathini na wanane wa basi la msafara wakageuka, wote Wagujarati, wote wakijua fika doa lile lina maana gani. Nimesh, mumewe Bhavini, akajitia kupiga picha mashua.

Paris ndiko yalikoharibika kabisa. Walikuwa chini ya ule mnara wa chuma, wanakula chapati za uwatu na achari ya embe, Tithi akapaliwa. Tithi ni binti wa pekee wa Bhavini na Nimesh, wa miaka minane. Alinyakua bilauri iliyokuwa karibu, ile yenye doa, akanywa, naye Ranjan akampokonya.

"Tema! Tema, nakwambia!"

Akamsukutuisha kinywa mara tatu mbele ya foleni nzima ya watalii. "Unataka uwe kama mama yako? Wa kwao hawatakati hata wakioga mto mtakatifu wa Ganga!"

Mtoto alilia, maji yanamchuruzika kwenye sweta mpya. Bhavini alimfuta. Alipanda mnara pamoja na wenzake, akaambiwa tazama kule, tazama huku, wala hakuona hata paa moja la Paris. Alichokiona ni kinywa cha Ranjan tu. Alimchukia. Akajiapiza huko huko juu kwamba kinywa kile atakilisha yai, kwa heshima zote, na leso mapajani. Halafu atamwambia ndani ya basi, kwenye kipaza sauti kile kile wanachoimbia nyimbo za sinema, ili wasikie wote thelathini na wanane.

Uswisi ilipita bila nafasi, maana mpishi wa msafara aliwapikia wali na dengu kila siku. Njia ilifunguka Innsbruck. Kersi, kiongozi wao, alisimama mbele ya basi.

"Akina mama, Austria wanaandika herufi ndogo chini ya kila chakula. A ni ngano, G ni maziwa, C ni yai. Ukiona C, toka mbio!"

Tithi akajiteua mkaguzi wa C. Alikagua mikate, supu, biskuti, hata chupa ya maji. Ranjan alifurahi kupita kiasi, kwa kuwa miwani hakuivaa safari nzima, ati inamharibia picha. "Huyu ndiye macho yangu," akasema.

Vienna, wanaume walipokwenda kupiga picha kanisa kuu, wanawake hao wawili na mtoto waliketi kwenye mkahawa mmoja wa barazani, Ranjan akapanga bilauri zao mezani. Meza ya jirani ikaletewa keki ya chokoleti yenye kilima cha malai. Ranjan akameza mate.

"Bhavini, hebu muulize huyo kijana, ina yai?"

Bhavini akamgeukia mhudumu na kumuuliza kwa Kiingereza kama leo mvua itanyesha. Mhudumu akatazama juu, akatikisa kichwa, akatabasamu. "No, no, madam."

Kiingereza Ranjan hakukijua, ila hiyo no aliijua. Lakini hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Akamsogezea Tithi ile kadi ya vyakula.

"Mkaguzi, hebu kagua. Herufi yako ipo?"

Hili Bhavini hakulipanga. Herufi zilikuwa wazi chini ya jina la keki: A, C, G. Tithi aliweka kidole kwenye kadi. Alimtazama mama yake, akaitazama bilauri yenye doa, akamtazama Ranjan usoni.

"Haipo, Mama Mkubwa."

Keki ikaja. Ranjan alikula kama mtu aliyefunga mwezi mzima, huku akisifu kwa kila tonge, naye Bhavini alihesabu matonge hayo moja moja, furaha ikimpanda kooni. Kula, alisema moyoni. Kula, bibi wee, kipaza sauti kinakungoja.

Yalipobaki matonge mawili, Ranjan akalainika. Alikata kipande kwa uma, akakipeleka kwa Tithi.

"Njoo, macho yangu. Fungua kinywa."

Bhavini alinyoosha mkono kuuzuia uma. Nao mkono ukakwama hewani. Aseme nini? Akisema usile, siri yote imetoka kabla ya wakati wake. Akinyamaza, mtoto huyu ambaye hajawahi kuonja yai tangu azaliwe atalila. Tithi alimtazama mama yake, akafungua kinywa, akatafuna polepole, akameza.

"Tamu eh?" Ranjan akacheka, akainuka kwenda kunawa.

Basi lilikuwa linawangoja ng'ambo ya barabara, mlango wazi, kipaza sauti kimening'inia kando ya dereva. Bhavini alikitazama, akajua kwamba hatakigusa. Akimtaja Ranjan, atamtaja na mwanawe, na kesho rangi ya kucha itatolewa kwa ajili ya bilauri ya pili. Kisasi alikuwa amekipata chote, na hakuna wa kumwonyesha.

Tithi akavuta bilauri yenye doa, akanywa maji yote, akajifuta mdomo kwa mkono wa sweta. Kisha akamsogelea mama yake sikioni, macho yanang'aa.

"Mama," alinong'ona, "kesho Budapest tumlishe nini?"