Watoto wa Bwana Harusi

Haya alinieleza wifi yangu mwezi uliopita, siku aliyokuja kunirudishia chekeche. Yanamhusu mumewe, kaka yangu, fundi wa kuchomelea mageti.

Fundi alikuwa na mbwa dume mweusi tii, mwenye baka jeupe kifuani, umbo la kijiko. Baka hilo lilimtia wazimu. Kila jike aliyezaliwa nalo, akikua alipandishwa na babake yuleyule. Mjukuu naye vivyo hivyo. Wifi akamwita yule dume Bwana Harusi.

"Leo anamwoa nani, bintiye au mjukuu?"

"Wewe cheka tu," fundi alisema. "Damu ya hapa haichanganywi."

Mwaka wa nne mabaka yalitoka safi kama ya kuchorwa, ila matumbo yakagoma. Watoto sita walihara tangu walipoachishwa ziwa. Fundi akabadilisha nyama, akabadilisha mchele, akachemsha maji. Mbwa wakawa wanakula vizuri kuliko wenye nyumba, na bado watano wakafa. Akabaki kitinda mimba, jike, tumbo kama mtungi, mbavu unazihesabu.

Daktari wa mifugo, mama asiye na maneno mengi, alimpapasa, akauliza baba yake ni nani. Fundi akamtaja Bwana Harusi. Na babu? Yuleyule. Na baba wa bibi? Fundi akatazama viatu vyake.

"Tumboni mna vijidudu visivyoonekana, aina kwa aina, vinavyosaidia kusaga chakula," daktari akasema. "Ukoo ukioana wenyewe kwa wenyewe, aina hizo huweza kupungua. Huyu naona hana wasaidizi. Tujaribu kumtilia tumboni kinyesi cha mbwa mzima, wa damu mchanganyiko, kilichojaa vijidudu hivyo. Siapi kwamba atapona."

Hapo fundi akakumbuka katoni, akaitaja mbele ya mkewe. Mwaka juzi jike mmoja alitoroka, akazaa na mbwa wa mtaani watoto wanne wa madoadoa, wanene, wanaokula hata maganda. Fundi aliwatia kwenye katoni, akawaacha jalalani.

"Mmoja nilimwokota," wifi akasema taratibu. "Yuko kwa mwenye mashine ya kusaga."

"Na watatu?"

"Nilichelewa, baba watoto."

Fundi akaenda mashineni na kopo tupu la maziwa. Mbwa wa madoa alikuwa amelala mlangoni, mweupe kwa vumbi la unga, shingo kama ya ndama.

"Umekuja kumchukua?" mwenye mashine akauliza.

"Naomba mavi yake."

Mwenye mashine akazima injini ili asikie vizuri. "Hebu rudia."

Fundi akarudia.

"Mbwa ulimtupa, mavi yake unayafuata na kopo lenye mfuniko."

Fundi akaweka kopo chini. Akachuchumaa pale asubuhi nzima, akingoja. Mbwa akaja akamnusa kiganja, akakilamba, kama mtu ambaye hajawahi kukosewa. Hilo ndilo lililomuuma.

Daktari akafanya kazi yake kwa mpira mwembamba. Siku ya tatu, mchana, kile kitoto kikapata choo kigumu. Wifi akaenda kumtangazia fundi habari hiyo kama matokeo ya mtihani.

Fundi hakucheka. "Nilikuwa nao wanne," alisema. "Wanne wazima, mama watoto. Nikachagua baka."

Kitoto kilikuwa kinalala kwenye katoni. Fundi akakitoa, akaichana katoni hiyo vipande vipande, akatandika shati lake la kazi sakafuni na kukilaza juu yake. Kikala, kikashiba, kikasinzia. Naye akajilaza kando, mkono juu ya kile kitumbo, akikisikiliza kikinguruma, mpaka usingizi ukamchukua.