Kadi Sita za Kijani

"Dada, kijani ni kijani," alisema fundi bomba. "Kadi ikiwa ya kijani, kazi imekwisha. Picha za nini tena?"

"Za kuonekana."

"Zinajaza ubao. Simu yangu inakwama, nikiburuta kadi moja ni kama navuta gogo."

"Basi nunua simu."

Walikuwa wanabishana tangu saa nne, na sasa ilikuwa inagonga saa saba. Msimamizi wa ujenzi, ambaye mafundi walimwita Mama Rula kwa sababu alipima kila kitu hadi upana wa mlango wa choo chao, alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, laptopu magotini. Fundi bomba alikuwa mdogo wake, kitindamimba wa kwao. Alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili bila kazi, na ni yeye dada mtu aliyemleta hapa. Mwenye jengo alimkubali kwa sentensi moja: "Akiharibu, nitakuuliza wewe."

Kazi yote ya jengo lile, nyumba ya wageni ya vyumba sita na mabafu sita, ilipangwa kwenye ubao wa programu ndani ya laptopu. Safu tatu: Bado, Inaendelea, Imekwisha. Kila kazi na kadi yake, kila kadi na sura ndogo ya mviringo ya fundi anayehusika. Kwa kadi za bomba Mama Rula aliweka kanuni: haigeuki kijani mpaka ipigwe picha ya geji, kile kipimo cha shinikizo la maji. Mabomba yanajazwa maji kwa pampu, geji inaachwa dakika ishirini. Mshale usipotikisika, hakuna panapovuja, na ukuta unaweza kuzibwa kwa vigae. Picha ilikaa ndani ya kadi. Yeye aliifungua, akauona mshale, akafunga, akaendelea na mengine. Mengine yalikuwa mengi.

Leo mwenye jengo alikuwa anakuja saa tisa kuutazama ubao, kwa hiyo asubuhi Mama Rula alibadilisha mpangilio ili kila kadi ibebe picha yake usoni. Akatoka kupokea saruji. Aliporudi, picha zimezimwa. Akaziwasha. Akaenda kupima ngazi, akarudi, zimezimwa tena. Mara ya kwanza mtu anaweza kubonyeza kwa bahati mbaya. Mara ya pili ana lake jambo.

"Sijazigusa," alisema mdogo wake, kabla hajaulizwa. Halafu akamletea chai, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu azaliwe. Mama Rula aliitazama ile chai kama hati isiyo na muhuri, akaiweka sakafuni.

Akafungua kumbukumbu za ubao, pale panapoandikwa nani kafanya nini na saa ngapi. Jina lililotokea lilikuwa la fundi vigae. Mara zote mbili.

"Taratibu," aliita. "Hebu njoo."

Fundi vigae alikuja kwa mwendo uliompa jina hilo, gundi ya vigae imemkaukia hadi kwenye viwiko. Alikuwa ameshaziba mabafu manne na yuko katika la tano.

"Umezima picha kwenye ubao?"

"Ubao upi, mama?"

"Wa kadi."

"Mimi? Mimi nikiona sura yangu kwenye kadi najua zamu yangu imefika, basi. Hayo mengine ni yenu wasomi." Akafikiri kidogo. "Ila simu yangu anayo huyu mdogo wako tangu asubuhi. Kasema yake imeisha chaji."

"Yake ipi? Hii inayokwama?"

Fundi bomba akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, na dada yake alikijua. Zamani, kikisikika tu, mama yao alikwenda kuangalia sukari kabatini.

Mama Rula akarudi kwenye laptopu. Aliziwasha picha, akachagua ukubwa wa mwisho, akazivuta kadi sita za mabafu zikae bega kwa bega. Geji sita. Mishale sita, yote imetulia mahali pamoja. Hapo hapakuwa na kosa. Ndivyo mishale inavyotakiwa kukaa. Picha moja ilipigwa kutoka kulia, nyingine kutoka juu, nyingine kwa karibu sana. Mtu angesema ni mabafu sita kweli.

Kisha akakiona kidole gumba.

Kilikuwa pembeni, kimeshika geji, kwenye picha zote. Na kwenye kidole palikuwa na plasta ya kidonda yenye bata wa manjano.

Plasta ile aliibandika kwa mkono wake mwenyewe, wiki ya kwanza ya kazi za bomba, msumeno ulipomkata mdogo wake. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa tupu, akachomoa moja kwenye mkoba, ya mwanawe wa chekechea. Mafundi walimwita Baba Bata siku mbili nzima, na ya tatu akaibandua kwa hasira. Lakini tarehe za kadi zilitapakaa katika wiki sita.

"Kidole kilipona lini?" aliuliza.

Fundi bomba aliinama kuangalia kioo cha laptopu, akainuka polepole. "Dada, tuongee pembeni."

"Pembeni wapi? Jengo lenyewe halina milango."

"Geji ilianguka ikavunjika. Siku ileile niliyojikata, baada ya bafu la kwanza. Nilikuwa nimeshapiga picha nyingi. Nikasema nikikwambia utanipasua. Lakini viungo nimevifunga mwenyewe. Mkono wangu naujua."

"Mkono wako una mshale?"

"Mimi nimeshaziba manne," alisema Taratibu, kwa sauti ya chini.

"Naazima geji jengo la jirani," alisema mdogo wake, maneno yakikimbizana sasa. "Sasa hivi. Napima yote matano, nakuletea picha mpya, mwenye jengo hana haja ya kujua. Nikirudi nyumbani tena, mama atasema nini?"

Lingewezekana. Saa mbili zilikuwa zimebaki, na mwenye jengo si mtu wa kuhesabu vidole. Mama Rula aliliwaza lile jambo kwa uzito wake, kwa sababu wazo la mama yao lilimwuma kweli. Lakini akili ilikuwa imeshatangulia: na mabomba ya jikoni? Na tangi la juu, ambalo nalo ni la kijani? Mdogo wake angepima, angeleta picha, na yeye dada mtu angeikuza akitafuta bata. Leo, kesho, na kila kadi ya mbele.

Akafungua orodha ya mafundi, akabonyeza "Ondoa". Sura ndogo ya mviringo ikatoweka kwenye kadi sita, kisha kwenye ya jikoni, kisha kwenye ya tangi. Akaziburuta zote nane hadi Bado na kuzifanya nyekundu.

"Taratibu, acha bafu la tano. Nenda jengo la jirani, uniletee fundi bomba wao na geji yake." Akamgeukia mdogo wake, mkono ameunyoosha. "Funguo za stoo. Mama nitazungumza naye mimi."

Alizitoa. Hakucheka.

Mama Rula alipiga simu akiwa bado amekaa juu ya ndoo.

"Usingoje saa tisa," alimwambia mwenye jengo. "Njoo sasa. Bafu lililopimwa ni moja tu kati ya sita, manne yameshazibwa, na niliyeidhinisha ni mimi."