Chumvi ya Eusèbe

Jumamosi moja ya baridi mwezi wa Januari, nguruwe wa akina Doucet alikuwa ameshachinjwa na kukwanguliwa kabla umande haujakauka kwenye mashamba ya mpunga. Wanaume walikuwa uani, wakikaanga ngozi na kutaniana. Jikoni, Odalie Doucet alikoroga sufuria la boudin, soseji ya kwao: wali, nyama iliyosagwa, ini na majani ya vitunguu. Utumbo wa kujazia ulikuwa tayari, umeoshwa ukawa mweupe. Chumvi tu ndiyo ilikuwa bado, kwa sababu Eusèbe Papillion alikuwa hajafika.

Eusèbe alikuwa amekufa zamani kidogo, akazikwa ng'ambo ya reli, kwenye makaburi ya weusi. Kila siku ya kuchinja alikuja kwa mlango wa nyuma, na koti lile alilozikwa nalo. Siku hizi mjukuu wake Verlie ndiye aliyemleta kwa gari, maana magoti yake hayakupata nafuu hata baada ya kufa.

"Bi Odalie," alisalimia, akivua kofia.

"Umechelewa, Eusèbe."

"Barabara matope matupu, Bi Odalie. Na kule nako hawaamki mapema."

Alimwita Bi tangu Odalie akiwa mtoto wa kung'oka meno ya utoto. Odalie naye alimwita Eusèbe, kavu hivyo hivyo, mtu wa umri wa babu yake, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

Katika nyumba ile, sufuria la boudin hutiwa chumvi na mkono mmoja tu. Mwaka ule aliozikwa Eusèbe, Odalie alitia, na wifi yake naye akatia, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau. Sufuria zima wakawamwagia mbwa, na mbwa wakasusa. Mwaka uliofuata marehemu alikuja mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza kitu. Walimsogezea bakuli la chumvi.

Siku hiyo palikuwa na mgeni, dada wa makumbusho ya mjini, amekuja na kinasa sauti kukusanya historia ya boudin. Ovide, kaka yake Odalie, ndiye aliyejitwika kazi ya kueleza. Mtu huyo hakuwahi kuosha utumbo hata mmoja.

"Boudin ni yetu, dada," alisema. "Babu zetu walifukuzwa Kanada na Waingereza, wakaja nayo hapa Louisiana. Humu!" Akajigonga paji la uso.

"Na wali je? Kanada walikuwa wanalima mpunga?"

"Aa, na wewe! Huo tuliuokota njiani."

Wanaume wakacheka. Eusèbe alikuwa akinyunyiza pilipili, akionja, akinyunyiza tena. Mama yake ndiye aliyepika boudin jikoni mle kabla Ovide hajazaliwa. Bibi yake alipika pale pale kabla ya hapo, enzi ambazo alihesabiwa pamoja na ng'ombe wa shamba.

"Na huyu mzee ni nani?" mgeni aliuliza.

"Huyo Eusèbe. Ni marehemu. Huwa anatusaidia."

Mgeni akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kwao pia walikuwa na marehemu wa namna hiyo.

Odalie aliona aibu, na aibu ile ilimpanda mpaka masikioni. Maisha yake yote Eusèbe alitia chumvi, akakabidhiwa fungu lake limefungwa kwenye karatasi, akaenda zake. Hakuwahi kula boudin ile mezani kwao. Odalie naye alikuwa mzee sasa, na alilotaka ni moja tu: akae, ale, walau mara moja, na huyo dada wa mjini aone.

Boudin ilipoiva, watu wakajipanga mezani. Odalie akavuta kiti chake mwenyewe.

"Mzee Eusèbe," alisema. "Karibu mezani."

Neno lile "mzee" lilimtoka kwa shida. Ovide aliacha kutafuna, kisha akainua mabega.

"Akae. Maiti anakula kiasi gani?"

Wakasogea. Mmoja akampangusia meza. Walikuwa wakarimu kweli, wala si kwa kujifanya. Eusèbe alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Asante, Bi Odalie. Verlie yuko nje kwenye gari. Naye hajala."

Verlie alikuwa hai, mwalimu wa shule, na angerudi mjini na kusema ameketi meza moja na weupe. Ovide akatazama huku na huku.

"Sasa hapo viti ndiyo vimekwisha," alisema, bila ubaya wowote sautini.

Kando yake palikuwa na kiti kitupu, kimewekewa koti lake. Odalie alikiona. Alimwona pia Eusèbe akikiona. Mgeni akainamisha macho kwenye sahani.

Ndipo Odalie alipochukua karatasi. Alifunga fungu la Eusèbe, akafunga na jingine la Verlie, kubwa zaidi, lenye vipande vya katikati. Akampa yote mawili pale mlango wa nyuma.

"Mwambie ale ingali moto," alisema.

"Nitamwambia, Bi Odalie."

Odalie alirudi mezani, akakaa kwenye kiti chake, na wote wakakubaliana kwamba mwaka huu chumvi imekolea barabara.